NAS ya nafasi nne imejaa: niongeze kasha la diski la nje au nibadili diski?

Mpima_Chumbageni

Wakuu, salaam. Ofisini kwetu Chumbageni, hapa Tanga, tunatumia NAS (stoo ya diski kwenye mtandao wa ofisi) ya Synology DS920+ na sasa imejaa. Kazi yetu ni upimaji ardhi na picha za droni, zaidi mashamba ya mkonge ya upande wa Muheza na Korogwe. Ndani kuna diski nne za 4TB kwenye RAID 5 (diski zimeunganishwa, moja ikifa data inabaki), voliyumu moja, yaani eneo moja la kuhifadhi, yenye mfumo wa faili wa Btrfs. Inaonyesha 9.7TB imetumika kati ya 10.4TB.

Kila mwezi tunaongeza kati ya GB 300 na 400: picha mbichi, ramani zilizounganishwa na mawingu ya nukta (point cloud). Watumiaji ni tisa, wote kwa kebo, swichi ni ya gigabiti. Miradi ya zamani hatufuti, maana mteja hurudi baada ya miaka miwili mitatu akitaka kulinganisha mipaka.

Nimeona njia tatu. Kwanza, kasha la Synology DX517 la nafasi tano. Pili, kasha la USB la nafasi nne, ambalo ni nafuu zaidi. Tatu, kutoa diski za 4TB moja moja na kuweka za 8TB. Ipi inafaa? Na je, nikichukua kasha naweza kuirefusha voliyumu iliyopo ivuke hadi kwenye diski mpya ili kila kitu kibaki mahali pamoja?

UPS (betri ya dharura ya umeme) ni ya 650VA, inabeba NAS na swichi. Bakapu tuliyonayo ni diski moja ya USB ya 8TB yenye miradi ya mwaka huu tu.

fundi_seva_ngamiani

Mkuu, nitaanza na sentensi yako ya mwisho kwa sababu ndiyo inayotisha. Data yako ni 9.7TB, bakapu inachukua sehemu tu, na diski zako zina umri. Yoyote utakayochagua kati ya hizo njia tatu, diski hizo nne zitapata kazi nzito ya kusomwa, na diski iliyochoka hufa siku kama hiyo. Usiguse bisibisi kabla hujapata nakala kamili. Nunua diski moja ya 16TB, iweke kwenye kasha la USB la diski moja, fanya bakapu kwa Hyper Backup, programu ya bakapu ya Synology. Usichukue ya 12TB: ukubwa ulioandikwa dukani huhesabiwa kwa elfu, mfumo unahesabu kwa 1,024, kwa hiyo 12TB huonekana kama 10.9 na utaijaza baada ya miezi mitatu. Ya 16TB huonekana kama 14.5. Kwa spidi ya wastani ya MB 150 kwa sekunde, 9.7 yako itachukua takribani saa 20, na picha ndogondogo zikiwa nyingi itazidi hapo. Anza Ijumaa jioni.

Sasa njia zenyewe. Kubadili diski moja moja kunawezekana, lakini elewa kinachotokea. Ukitoa diski ya kwanza, RAID 5 inabaki bila kinga yoyote mpaka diski mpya ijazwe. 4TB kwa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7, na ofisi ikiwa inafanya kazi inaweza kufika siku nzima. Unarudia hivyo mara nne, na nafasi mpya huioni mpaka ya nne iishe. Faida yake ni kwamba hakuna kifaa kipya, hakuna kebo mpya, umeme ni uleule. Hasara ni kwamba umenunua diski nne za 8TB na umepata ongezeko la 12TB tu.

Diski hizohizo nne ukiziweka kwenye DX517 kwa RAID 5 zinakupa 24TB juu ya ulizonazo. Mimi ningeweka tano kwa RAID 6: nafasi ni 24TB ileile, lakini diski mbili zinaweza kufa na data ikabaki. Kwa kasi yako ya GB 350 kwa mwezi, ukikataa kuvuka asilimia 80, hiyo inakutosha miaka minne na nusu. Diski ya tano ni gharama ndogo kuliko usiku wa kuangalia RAID 5 ya 8TB ikijijenga upya kwa saa 12 na zaidi huku hakuna kinga.

Kuhusu kurefusha voliyumu ivuke kwenye kasha: inawezekana, na naomba sana usifanye. NAS na kasha vinaunganishwa kwa kebo moja ya eSATA (kebo ya diski za nje). Voliyumu ikikaa nusu huku nusu kule, kebo ikilegea au kasha likikosa umeme kwa sekunde mbili, diski tano zinapotea kwa pamoja. RAID 6 inavumilia mbili. Voliyumu nzima inaanguka, pamoja na kazi ya leo iliyokuwa kwenye NAS. Tengeneza kundi la diski jipya na voliyumu ya pili ndani ya kasha peke yake. Kebo ikileta shida, kinachozimika ni miradi ya zamani, watu wanaendelea na kazi.

Na watumiaji hawatajua kwamba kuna voliyumu mbili. Gawa miradi iwe folda mbili za kushirikishana, ya zinazoendelea na ya zilizofungwa. Ya zilizofungwa ihamishie voliyumu ya pili kwa kubadili mahali pake kwenye mipangilio ya folda. Jina la folda kwenye mtandao linabaki lilelile, na ruhusa zinaenda nayo. Wakati inahama haifunguki, na snapshoti za zamani (kumbukumbu za hali ya folda ya siku zilizopita) haziendi nayo, kwa hiyo pitia kwanza kama kuna faili la kurudisha.

Jambo jingine: angalia mlango kabla ya kulipa. DX517 ni ya eSATA, na ndiyo inayoingia DS920+. DX525 iliyokuja baadaye inatumia USB-C na ni ya NAS mpya zaidi. Haiingii kwako hata ukipata adapta.

Binti_wa_Raskazone

Naunga mkono DX517, ila niongeze upande wa kasha la USB kwa sababu wengi wanavutwa na bei.

DSM, mfumo endeshi wa NAS za Synology, haiingizi diski za USB kwenye kundi la diski. Ukichomeka kasha la USB, diski zinakuja kama za nje tu, kila moja na folda yake, au moja kubwa kama kasha lina RAID yake ndani. Kwa stoo ya kazi ya kila siku, hiyo haifai. Kwa bakapu inafaa kabisa, na hapo ndipo diski zako za 4TB zingepata kazi siku utakapozitoa.

Ukinunua kasha la USB lenye RAID ya ndani, mfano QNAP TR-004, utakuta vishikizo vidogo nyuma vya kuchagua RAID 0, 1, 5 na nyinginezo. Ukivigeuza na kuthibitisha mpangilio mpya, kilichokuwemo kinafutika. Viwekwe siku ya kwanza diski zikiwa tupu, kisha bandika karatasi nyuma ya kasha: RAID gani, tarehe gani, mpangilio wa diski kushoto kwenda kulia. Kasha la namna hiyo likifa, diski zake hazisomeki kirahisi kwenye kompyuta ya kawaida, kwa hiyo RAID ya ndani ya kasha inakufunga kwa aina hiyohiyo ya kasha. Ndiyo maana kwa bakapu ningechagua diski moja moja bila RAID.

Makasha ya bei ya chini yana kasoro mbili za kuangalia. Moja: chipu ya USB inazipa diski zote nne namba moja ya utambulisho, na programu za kuunganisha diski kama ZFS au Storage Spaces zinachanganyikiwa. Jaribu `lsblk -o NAME,SERIAL,SIZE`. Kama namba zinajirudia, rudisha dukani. Ya pili: diski moja ikisuasua, chipu inajianzisha upya na diski zote zinakatika kwa wakati mmoja. Kwenye kumbukumbu za Linux utaona mistari mingi ya "reset SuperSpeed USB device". Ukiiona hiyo, badili kebo kwanza, iwe fupi, isizidi mita moja, bila habu katikati.

Spidi iliyoandikwa kwenye boksi isikushawishi. "10 Gb/s" haina maana yoyote kwako, mtandao wa gigabiti unapitisha takribani MB 110 kwa sekunde basi. Hata eSATA ya DX517, ambayo diski tano zinagawana njia moja ya 6 Gb/s, inaizidi swichi yako mara nne.

Diski zenyewe: chukua CMR (inaandika njia zisizopandana), usichukue SMR. SMR inaandika njia zilizopandana kama mabati ya paa, na wakati wa kujenga RAID upya inakwama siku nyingi, pengine inatolewa na mfumo kama diski mbovu wakati ni nzima. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR. WD Red isiyo na neno Plus, zile zenye EFAX kwenye namba kati ya 2TB na 6TB, ni SMR. Diski za kompyuta ya mezani ziache kabisa, hata kama bei inapendeza: zikikutana na sekta mbovu zinang'ang'ania hata dakika nzima, RAID inadhani zimekufa na kuzitoa. Za NAS huachia baada ya sekunde 7 hivi.

Mzigo ukifika, pima. Mwaka 2025 iligundulika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika maelfu ya masaa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, SMART (ripoti ya diski kuhusu afya na masaa yake) imefutwa ikaonyesha sifuri. Kilichozifichua ni kumbukumbu nyingine ndani ya diski iitwayo FARM. Kwa programu ya kupima diski ya smartmontools 7.4 au mpya zaidi, andika `smartctl -l farm /dev/sdX` na ulinganishe masaa yake na ya `smartctl -a`. Yakitofautiana sana, hiyo si mpya. Kisha `smartctl -t long`, ambayo kwa 8TB ni usiku mzima. Fanya kwa zote tano kabla ya kutengeneza RAID. Na ukiweza, nunua tatu duka moja na mbili duka jingine, ili zisitoke boksi moja lililoangushwa bandarini.

Mpima_Chumbageni

Ahsanteni sana. Dada, nimeelewa kuhusu CMR, za sasa ndani ni IronWolf. Fundi, nitanunua ya 16TB kwanza.

Maswali mawili. UPS yangu ya 650VA itabeba vyote? Na chumba cha seva ni stoo ndogo, dirisha linatazama baharini, AC huzimwa saa 11 jioni watu wakitoka. Je, ina madhara?

Mgosi_wa_umeme

Mgosi, maswali yako mawili ndiyo yanayoua makasha Tanga kuliko ubovu wa diski.

UPS. DS920+ yenye diski nne inakula takribani wati 32 ikifanya kazi. Diski tano za 8TB hesabu wati 8 kila moja, pamoja na kasha lenyewe weka 50. Swichi 10. Jumla haifiki 100, na 650VA inatoa kati ya wati 360 na 390. Kwa mzigo inabeba. Wakati wa kuwaka, diski moja ya inchi 3.5 inaweza kuvuta ampea 2 kwenye volti 12, yaani wati 24, kwa sekunde chache. Hata zote tisa zikianza pamoja ni 216. Bado uko ndani.

Kinachokupiga ni muda. Betri ya ndani ya UPS ya ukubwa huo mara nyingi ni ya volti 12 na Ah 7. Ikiwa mpya utapata labda dakika 20. Baada ya miaka mitatu kwenye joto hili, dakika 3. Chomeka kebo ya USB kutoka UPS kwenda NAS, washa msaada wa UPS kwenye DSM, na iambie iingie hali salama baada ya dakika 5, usiache mpaka betri iishe. Kisha jaribu kweli: siku ya Jumamosi vuta plagi ya UPS ukutani na uhesabu. Betri badili kila miaka mitatu, hata kama taa bado ni ya kijani.

Halafu hili lizingatie kuliko yote: NAS na kasha viwe kwenye UPS MOJA, upande wa betri. UPS nyingi zina soketi za pembeni zinazozuia mshtuko wa umeme tu, hazina betri. Mtu akikosa nafasi anachomeka kasha huko. TANESCO wakikata, NAS iko hai, kasha limezima katikati ya kuandika. Hata UPS mbili tofauti sitaki, moja itakufa kabla ya nyingine. Kama soketi za betri hazitoshi, ongeza kipande cha ekstensheni kizuri kwenye tundu la betri, lakini pasi, feni na printa ya leza visikaribie.

Mkiwa na jenereta, chukua UPS yenye AVR (kidhibiti cha volti). Jenereta ndogo ikibebeshwa AC ghafla volti inayumba, na UPS ya kawaida inarukia betri mara kwa mara mpaka inaimaliza.

Sasa hewa. Watengenezaji wanaruhusu unyevu mwingi mradi usigande kuwa maji. Kwenye stoo yako ndipo hapo pabaya: AC inapoza vyuma mchana kutwa, saa 11 inazimwa, dirisha linaingiza hewa ya bahari yenye joto na chumvi, inakutana na chuma baridi. Chumvi na unyevu vinakula miguu ya viunganishi, hasa ile ya eSATA na ya diski kwenye trei. Dalili yake ni makosa ya CRC, yaani data kuharibika njiani kwenye kebo au kiunganishi (SMART namba 199, UDMA CRC) yanayopanda wakati sekta mbovu ni sifuri. Watu wanatupa diski nzima kumbe ni kiunganishi. Zima, toa diski, futa miguu kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke, rudisha, angalia kama namba imesimama. Namba yenyewe hairudi sifuri, unatazama kama inaendelea kupanda.

Kwa hiyo ziba hilo dirisha kwa silikoni, na AC iachwe usiku kwa nyuzi 25 au 26 badala ya 18 mchana na kuzimwa jioni. Joto lisilobadilika ni bora kuliko baridi kali. Diski zikikaa chini ya 45 niko radhi. Kasha lisikae chini ya AC, maji yakidondoka hakuna RAID itakayokusaidia. Acha sentimita 10 nyuma kwa feni, na vumbi lipulizwe kila miezi mitatu. Muheza mnarudi na vumbi jekundu kwenye viatu na mabegi ya droni, yasiwekwe chumba hicho.

Juma_la_maduka

Nadandia uzi wakuu. Kwetu hatuna NAS, ni kompyuta yenye Windows Server na kasha la diski la USB, voliyumu ya NTFS. Niliongeza diski lakini inakataa kuvuka 16TB. Leseni?

Binti_wa_Raskazone

Hapana, ni fomati. NTFS ikifomatiwa kwa vipande vya KB 4, ambavyo ndivyo Windows inavyochagua yenyewe kwenye voliyumu isiyozidi 16TB, mwisho wake ni 16TB. Thibitisha kwa `fsutil fsinfo ntfsinfo D:` na utazame "Bytes Per Cluster": 4096 ndiyo tatizo. Njia iliyo salama ni kunakili data nje, kufomati upya kwa vipande vya KB 64, kisha kurudisha. Mpangilio wa kugawa diski uwe GPT pia, ule wa zamani wa MBR unaishia 2TB.

Kunakili tumia `robocopy D:\ E:\ /E /COPYALL /R:1 /W:1 /MT:16 /XJ /LOG:C:\nakala.txt`. Usitumie /MIR (kufananisha pande mbili) kama huna uhakika upande upi ni chanzo. Ukikosea, inafuta kila kisichopo upande mtupu, na upande mtupu hauna kitu.

fundi_seva_ngamiani

Mpima, nikupangie kazi yenyewe ili usikwame katikati.

Kwanza tazama folda za #recycle (pipa la faili zilizofutwa) na snapshoti za zamani. Kwenye NAS iliyofika asilimia 93 mara nyingi humo kuna GB mia kadhaa. Pia waulize wachoraji kuhusu faili za kati za programu ya kuunganisha picha. Picha mbichi na matokeo ya mwisho ndivyo vinavyotunzwa, za kati zinaweza kuzalishwa tena. Btrfs ikikaribia kujaa inakuwa nzito, kwa hiyo punguza sasa, usisubiri kasha.

Bakapu ikiisha, usiamini neno "imefanikiwa". Rudisha mradi mmoja mzima kwenye kompyuta nyingine na ufungue picha kumi. Ifungie bakapu kwa nywila ya Hyper Backup, kwa sababu mna majina na viwanja vya watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, na nywila hiyo iandikwe karatasi mbili zikae sehemu mbili. Diski ya 16TB isilale ofisini. Kama mna ofisi ndogo Korogwe, ikae huko, na ile ya 8TB ibaki Chumbageni kwa miradi ya sasa.

Siku ya kufunga: zima NAS kwa DSM, weka diski tano kwenye trei za kasha, andika namba ya utambulisho (serial) ya kila diski mbele ya trei yake kwa stika. Funga kebo ya eSATA na ukaze skrubu zake kwa mkono pande zote mbili. Umeme wa kasha kwenye UPS, kisha washa NAS. Kasha litawaka lenyewe. Likichelewa kuonekana, usivute kebo NAS ikiwa hai. Zima, kagua, washa.

Tengeneza kundi la pili, RAID 6, Btrfs. Ukaguzi wa mwanzo wa diski utachukua usiku na zaidi. Unaweza kuanza kutumia, ila uhamishaji wa folda usubiri uishe, vinginevyo vyote viwili vinaburuzana. Weka data scrubbing (kukagua na kurekebisha makosa ya data, si kufuta) kila miezi mitatu na SMART ndefu kila mwezi, usiku tofauti kwa NAS na kasha. Washa barua pepe za tahadhari na uzijaribu leo hii, maana RAID iliyopoteza diski haipigi kelele mtu akiwa shambani Muheza.

Mpima_Chumbageni

Nimefungua #recycle: GB 610. Dirisha linazibwa kesho, diski ya 16TB nimeagiza Dar. Nitarudi na namba za SMART za hizo nne za zamani kabla sijaanza bakapu.

Binti_wa_Raskazone

Lete namba 5, 187, 197, 198 na 199 kwa kila diski, na masaa ya kuwaka. Kama 197 (sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) si sifuri kwenye hata moja, nakili kwanza miradi isiyo na nakala kabisa kabla ya bakapu kamili.